Sina mume, nipimwe mlango wa kizazi wa nini? Majibu kwa wanawake wanaopenda wanawake

Mimi ni nesi huku Mombasa, na maswali haya huja kwa kunong'ona mlangoni mtu akishaaga anataka kuondoka, ama saa nne usiku kwa simu. Nayajibu hapa kwa sauti.

Niliambiwa kama silali na wanaume sihitaji kupimwa. Ni kweli?

Hapana dada, si kweli, na hili ndilo huniuma zaidi ya yote manake wanaolisema wakati mwingine ni sisi wenyewe wa kliniki. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote huletwa na virusi vya HPV, na HPV hupita ngozi kwa ngozi, sehemu za siri zikigusana, kwa vidole, kwa midoli ya kitandani mkitumia mmoja baada ya mwingine. Na wengi walio na mpenzi wa kike leo waliwahi kuwa na mwanaume zamani, kwa kupenda au kwa kulazimishwa, na HPV hukaa mwilini kimya miaka na miaka. Hapa Kenya ugonjwa huu huua wanawake zaidi ya 3,000 kwa mwaka. Chanjo ya serikali ilianza 2019 kwa wasichana wa miaka 10, kwa hivo wewe unayesoma hapa una watoto wa dada yako wamechanjwa na wewe bado. Shirika la Afya Duniani linasema anza kupimwa ukiwa na miaka 30, ama 25 kama unaishi na virusi vya ukimwi.

Naogopa kile chuma. Wanafanyaje kwani?

Wacha nikwambie hatua kwa hatua. Njoo na leso yako, ujifunike toka kiunoni, unavua chini tu, juu unabaki na nguo zako. Kile kifaa cha kufungua uke ili nesi aone ndani kinaitwa spekulamu na kina saizi, sema "naomba ndogo", na kama hakuna kitu kimezoea kuingia huko mwambie nesi mapema, haina aibu. Ukitaka kukiingiza mwenyewe, omba, mimi huwapa. Kikishakaa nesi anapaka siki iliyochanganywa na maji kwa pamba, anangoja dakika moja, anamulika taa. Penye shida ngozi inageuka nyeupe. Nyeupe si saratani! Mara nyingi ni mabadiliko ya mapema yanayogandishwa au kuchomwa kidogo na unaenda nyumbani siku hiyohiyo.

Kuna dada alinijia akashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikapauka. Kumbe kwingine aliulizwa "mume yuko wapi" mara tatu kabla hata ya kuulizwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, akavaa kiatu akaondoka, na hakurudi kliniki yoyote kwa miaka sita. Tulikaa tu kwanza, nikampa spekulamu aishike, aifungue na kuifunga mwenyewe. Kipimo chenyewe hakikufika dakika tano.

Na kama huwezi kabisa, ulizia kipimo cha HPV cha kujichukulia, unaingiza kijiti kama cha pamba mwenyewe, hata chooni, unamkabidhi nesi. Kinakubalika kabisa.

Mimi na mpenzi wangu sote tunatoa uchafu wenye harufu ya samaki. Ni uchawi?

Si uchawi na si uchafu wa mtu. Inaelekea ni BV, bakteria wa ukeni wamekosa usawa, na kwa wanawake wenye wapenzi wa kike huonekana zaidi. Mara nyingi mmoja akiwa nayo mwenzake pia anayo, kwa hivo njooni wote, mpimwe manake trikomonasi, ugonjwa wa zinaa, nayo hunuka na hiyo mwenzako lazima atibiwe pia. Dawa ni ya kuandikiwa, umalize dozi. Usijioshe ndani kwa sabuni, usiweke ndimu wala kitunguu saumu. Midoli ioshwe ama ivishwe kondomu mpya kila inapobadilisha mtu.

Niko na mpenzi wa kike, lakini pia kuna mwanaume wakati mwingine.

Basi unahitaji vyote, kipimo cha mlango wa kizazi, cha kaswende, cha virusi vya ukimwi, na uzazi wa mpango kama hutaki mimba. Usimfiche nesi huyo mwanaume kwa kuogopa utaonekana huna msimamo, hapo ndipo watu hupata mimba wasizotarajia.

Lazima niseme mimi ni nani?

Si lazima. Naielewa hofu, kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu, kinachoadhibu ngono "kinyume cha maumbile", bado kipo na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, ya uzazi ikiwemo, haikusema kila mwenye mume. Ukiona uso wa nesi haukai vizuri sema tu "nina mpenzi, hakuna uwezekano wa mimba", inatosha kwa vipimo vingi. Ukimwamini, mwambie ni mwanamke, atakushauri vizuri zaidi. Jina la mpenzi usilitoe, hakuna kipimo kinacholihitaji. Na nyinyi manesi wenzangu, kabla ya kuuliza mume ulizeni "una mpenzi? wa kike, wa kiume, ama wote?", kwa sauti ileile mnayoulizia presha.

Anaweza kuingia nami chumbani?

Anaweza. Mimi humwekea kiti upande wa kichwa, pale anapofikia mkono wako.