Mlango mpya, chumba kilekile: mapigo ya moyo baada ya kubadilishwa valvu ya mitrali

Siku ya tatu baada ya upasuaji ndiyo siku ndugu wa wagonjwa hunipigia simu kwa wingi. "Daktari, jana kakaa kitandani na uji kanywa, leo moyo unamwenda mbio. Valvu imeharibika?" Mara nyingi valvu ni nzima kabisa. Kinacholeta shida ni chumba kilicho nyuma yake.

Valvu ya mitrali ni mlango kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto wa moyo. Wagonjwa wengi ninaowaona hapa Dodoma, wa Kongwa, Mpwapwa, Chamwino na hata Manyoni, mlango huo uliharibika kwa homa ya rumatiki waliyoipata utotoni. Mtoto aliugua mafindofindo, hakutibiwa ipasavyo, na kinga ya mwili iliyoamka kupambana na bakteria wa kooni ikaushambulia moyo wenyewe. Miaka inapita, mlango unakakamaa, damu inarundikana nyuma yake, na chumba cha juu kinatanuka na kujaa makovu. Umeme wa moyo ukifika kwenye makovu hayo unapotea njia. Chumba kinaacha kujikaza kwa pamoja, kinabaki kutetemeka tu, na mapigo yanakuja bila mpangilio wowote. Hali hii tunaiita atriali fibrilesheni.

Daktari wa upasuaji anabadilisha mlango. Chumba anakiacha kilekile. Natamani kila familia ielezwe hili kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Upasuaji nao unauchokoza moyo: utando wake unavimba, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu. Kwa hiyo mtetemo hujitokeza zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Katika upasuaji wa moyo kwa jumla humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na kwa wa valvu huwa zaidi. Asiyekuwa nao kabla, mara nyingi hutulia ndani ya wiki sita hadi nane. Aliyeishi nao miaka mingi, mara nyingi unabaki, na kazi yetu inakuwa kupunguza kasi kwa dawa kama bisoprolo au digoksini.

Wapo ambao moyo hupiga polepole mno. Kituo kinachopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini kiko jirani sana na pale valvu inaposhonwa, na uvimbe unaweza kukiziba. Zile nyaya nyembamba zinazotokeza chini ya kifua, zinazowatisha sana ndugu, zimewekwa kwa ajili hiyo, kuusukuma moyo kwa umeme wa nje kwa muda. Hutolewa baada ya siku chache. Wachache ambao umeme haurudi huwekewa betri ya kudumu mwilini, inayouchochea moyo upige.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mama mmoja mwenye valvu ya chuma, aliyekuwa akimeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, alitulia mapigo vizuri. Kwenye kituo kimoja cha afya akaambiwa, "Moyo umekaa sawa, mama, warfarini acha." Wiki chache baadaye wanawe walimleta na kiharusi: mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki.

Warfarini ina sababu mbili. Ya kwanza ni chumba kinachotetemeka, kwa kuwa damu hutuama kwenye kijifuko chake na kuganda. Ya pili ni chuma chenyewe. Sababu ya kwanza inaweza kuisha, ya pili haiishi. Mwenye valvu ya chuma atameza warfarini maisha yake yote, mapigo yawe mazuri au mabaya, na INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kwa kawaida tunaitaka kati ya 2.5 na 3.5. Mwenye valvu ya tishu za mnyama anaweza kuacha baada ya miezi mitatu hadi sita, lakini mtetemo ukiwepo, anaendelea. Na wenye valvu ya chuma msibadilishiwe dawa kwa vile vidonge vipya visivyohitaji kupima damu: dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye valvu za chuma na utafiti ukasitishwa, kwani damu iliganda zaidi na wagonjwa walitokwa damu zaidi. Ukipewa amiodaroni kutuliza mapigo, INR itapanda, kwa hiyo pima kila wiki mpaka itulie.

Wananiuliza kuhusu mlenda. Siwezi kumkataza Mgogo mlenda, wala haihitajiki. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mboga za majani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini, ndiyo maana Januari, mvua zikishanyesha na majani mabichi kujaa sokoni, nawaomba wagonjwa waje kupima mapema.

Nyumbani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha, mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Andika kwenye daftari. Yakizidi 110 umepumzika, au yakishuka chini ya 50, njoo.

Valvu ya chuma hulia tik-tik kama saa, na usiku anayelala karibu nawe huisikia. Mlio huo ukififia au ukipotea, pumzi ikaanza kukubana, usisubiri siku ya kliniki. Ondokeni usiku huohuo.