Laana ya Crucible haimgusi kila bingwa

Kila Aprili, ubingwa wa dunia wa snooka, ule mchezo wa kusukumia mipira mifukoni mwa meza kwa fimbo, ukianza kule Sheffield, Uingereza, huwa nasubiri tu nani atasema. Na hakosekani wa kusema. Bingwa mtetezi akitolewa, awe nani, utasikia: "Laana ya Crucible hiyo. Pale hakuna anayetetea taji." Juzi nimeisikia tena, safari hii akisemwa Ronnie O'Sullivan, mtu mwenye mataji 7 ya dunia, mawili kati yake ya kufuatana, 2012 na 2013. Nikaona sasa imetosha.

Maana yenyewe ni fupi. Tangu mashindano yahamie ukumbi wa Crucible mwaka 1977, kuanzia Terry Griffiths hadi Kyren Wilson, kila aliyetwaa ubingwa wa dunia pale kwa mara ya kwanza maishani mwake alishindwa kuutetea mwaka uliofuata. Maneno yanayobeba mzigo wote ni hayo "mara ya kwanza", na ndiyo hayohayo watu wanayoyaacha njiani.

Ukiyaacha, unakuwa umefuta nusu ya historia ya mchezo. Steve Davis alitetea taji mwaka 1984, kisha 1988 na 1989. Stephen Hendry alichukua mataji matano mfululizo, 1992 hadi 1996. Mark Selby alitetea 2017. Lakini wote walikuwa wameshapitiwa na laana hiyo: Davis, bingwa wa 1981, alirudi mwaka uliofuata akachapwa fremu 10-1 (fremu ni mchezo mmoja ndani ya mechi) na Tony Knowles katika raundi ya kwanza, Hendry alipata taji la kwanza 1990, na 1991 Steve James akamtoa robo fainali. Ni kama surua, ukishaugua basi.

Kuna wajuzi wanaoanza kuhesabu na John Spencer, kwa kuwa ndiye bingwa wa kwanza wa Crucible na mwaka 1978 Perrie Mans alimtoa mapema. Hapana. Spencer alishakuwa bingwa wa dunia 1969 na 1971, kumbi nyingine. Anayefungua orodha ni Griffiths, bingwa wa 1979, aliyetolewa na Davis mwaka 1980.

Tena laana hii ni ya ukumbi, si ya mashindano. Mashindano yalianza 1927, mshindi akiwa Joe Davis, na 1928 akalitetea taji lake. Aliendelea hivyo hadi 1946, mataji 15, akajiondoa bila kufungwa na mtu katika ubingwa huo.

Na kwa kuwa tumeutaja ukumbi: nimewahi kumsikia mtu akieleza kwamba jina hilo linahusu msalaba, ndiyo maana pana mambo ya kiroho. Jamani. Crucible ni kalibu, chombo cha kuyeyushia madini. Waliosoma Mithali wanaikumbuka kalibu ya fedha. Sheffield ni mji wa chuma cha pua. Katika miaka ya 1740 fundi saa mmoja, Benjamin Huntsman, alikuwa akitafuta chuma kizuri cha kutengenezea springi za saa, akafanikiwa kukiyeyusha ndani ya kalibu za udongo mgumu, na mji ukatajirika kwa kazi hiyo. Jumba la tamthilia lililofunguliwa pale mwaka 1971 likapewa jina la chombo hicho. Snooka iliingia baadaye, baada ya mke wa promota Mike Watterson kwenda kutazama mchezo wa kuigiza, akarudi nyumbani na habari kwamba amepata ukumbi. Hakuna mganga popote katika kisa hiki.

Hapo ndipo neno "laana" linaponikwaza kuliko yote. Kwetu laana ina mwenyewe. Mzazi amekosewa, ametamka, mtoto anahangaika mpaka aombe radhi. Sasa Griffiths alimkosea nani? Kitu kinachoganda mahali na kumwangukia yeyote anayepita, bila mtu kukitamka, Kiswahili tayari kina jina lake: nuksi, au mkosi. Mimi napenda mkosi, kwa sababu sikioni linakaa jirani na kukosa, na mchezaji wa snooka anaangushwa hasa na mpira alioukosa. Joe Johnson, bingwa wa 1986, alifika fainali ya 1987 akaishiwa 18-14 mbele ya Steve Davis. Ken Doherty naye alifika fainali ya 1998, akafungwa 18-12 na John Higgins. Luca Brecel mwaka 2024 na Kyren Wilson mwaka 2025 walitolewa wote wawili raundi ya kwanza, wote kwa 10-9. Fremu moja! Hapo mpira mmoja ukigoma kuingia mfukoni, safari imekwisha.

Najua "laana" limeshazoeleka na sitaling'oa peke yangu. Liiteni mpendavyo. Ila bingwa akitolewa Aprili ijayo, ulizeni kwanza lile taji analotetea lilikuwa lake la ngapi. Kama si la kwanza, basi amefungwa tu, kama wanavyofungwa wengine.