Kesha la asubuhi ni nini hasa, na mbona linaitwa kesha wakati watu wametoka kulala?

Kuna dada mmoja tunafanya naye kazi, yeye Mkatoliki, kaolewa na Msabato wa Same, sasa wiki ya kwanza ukweni saa kumi na moja alfajiri anasikia mlango ngo ngo ngo, mama mkwe anaita "wanangu amkeni tufanye kesha". Anasema alibaki kakaa kitandani anajiuliza kesha gani tena la saa hizi, si ndo kunakucha, yaani hawa watu wanaanza kukesha wenzao wakimaliza kulala? Akatoka hivyo hivyo na khanga yake, akakuta familia nzima sebuleni, wimbo mmoja, ukurasa mmoja wa kitabu, sala, dakika kumi na tano kila mtu karudi kwenye shughuli zake. Aliporudi kazini akanibana nimueleze, na nilivyoanza kumueleza ndo nikagundua hata sisi tuliokua nalo wengi hatulijui vizuri, tunalifanya tu.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kesha kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni kutolala mpaka kukuche. Unakesha msibani, unakesha na mgonjwa, kuna mkesha wa Krismasi, kuna mkesha wa mwaka mpya ambao watu wanajaa kanisani wengine mwaka mzima hawajaonekana. Kwaiyo ukimwambia mtu aliyelala saa nne aamke saa kumi na moja halafu unasema anafanya kesha, lazima akushangae.

Ila kesha lina maana nyingine ya zamani kidogo ambayo imebaki kwenye Biblia, na hiyo ndo ufunguo wa jambo lote. Fungua Zaburi 119:148 kwenye Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo bado wengi tunayo nyumbani jalada limeshabanduka, utakuta "Macho yangu yalitangulia makesha ya usiku". Hapo makesha sio mikutano ya maombi, ni zamu. Zamu za walinzi. Zamani mji ulikua na ukuta na walinzi juu yake, na usiku mmoja mtu hawezi kulinda peke yake bila kusinzia, basi usiku wanaukata vipande, huyu analinda kipande hiki akimaliza anamwamsha mwenzake. Kila kipande ni kesha moja. Waebrania wa kale walikata vipande vitatu, ndo maana kwenye habari ya Gideoni, Waamuzi 7, unasoma kuhusu zamu ya kati, maana vikiwa vitatu kuna cha katikati. Warumi wakaja na vinne, na Marko 6:48 Yesu anatembea juu ya maji "yapata zamu ya nne ya usiku". Ukitaka kuviona vyote vinne kwa mkupuo nenda Marko 13:35, jioni, usiku wa manane, awikapo jimbi, asubuhi. Wengi tunasoma pale tukidhani Yesu anataja nyakati tu za kujazia sentensi, kumbe anataja zamu za lindo kwa majina.

Na hapa sisi waswahili tuna bahati kwa sababu saa zetu zinahesabiwa kama zao, kuanzia jua linapochomoza na linapozama, hatuhitaji kupiga hesabu. Zamu ya kwanza saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu, ya pili saa tatu mpaka saa sita, ya tatu saa sita mpaka saa tisa, ya nne saa tisa mpaka kumi na mbili asubuhi. Hiyo ya nne ndo kesha la asubuhi. Kutoka 14, ya enzi za zamu tatu, nayo inaita zamu ya mwisho zamu ya alfajiri, ni saa ile jeshi la Farao lilivyovurugwa katikati ya bahari. Kwaiyo jina halisemi "kukesha mpaka asubuhi", linasema zamu ya mwisho ya lindo, ile ambayo usingizi ni mtamu kuliko zote, na mlinzi wa zamu hiyo ndo anakua wa kwanza kuona kinachokuja barabarani kabla mji haujaamka.

Sasa imefikaje kuwa kitabu cha kusoma sebuleni? Miaka ya 1880 kule Uingereza kulikua na wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge, Wakristo wenye moto, ambao tatizo lao lilikua kama letu tu, kuamka. Wakaanza kuhimizana kushika zamu ya asubuhi, yaani dakika za mwanzo za siku ziwe za Biblia na maombi kabla ya kitu kingine chochote, na jina hilo likasambaa kwenye vyama vya wanafunzi Wakristo hadi Marekani. Waadventista, yaani Wasabato, wakalichukua, na mwaka 1908 idara yao ya vijana ikatoa kalenda ya zamu ya asubuhi. Ilikua kalenda kweli, fungu moja kwa kila siku ya mwaka, maelezo marefu ya ukurasa mzima yalikuja baadae. Wakati huo kanisa lao lilikua tayari limeshaingia huku kwetu, Upare pale Giti mwaka 1903 na Gendia upande wa Kenya mwaka 1906, kwaiyo jina lilipoletwa kwenye Kiswahili likawa Kesha la Asubuhi, na ndo jina la kitabu mpaka leo, kila mwaka kinatoka kipya na kinanunuliwa pamoja na lesoni, kile kitabu cha masomo ya Shule ya Sabato. Ukimsikia mtu anasema "fungu" badala ya "mstari" au "andiko" ujue huyo kalelewa na kitabu hicho.

Lakini wazo la neno moja kwa siku moja lina mizizi mirefu zaidi ya hapo, na hiki kipande nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1728, tarehe 3 Mei, kwenye kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, mtawala mmoja anaitwa Zinzendorf aliwapa wenzake kwenye ibada ya jioni neno moja la kwenda nalo kesho yake. Wakaendelea hivyo kila siku, na kuanzia 1731 wakawa wanayachapa ya mwaka mzima. Hao ndo Wamoraviani, ambao baadae mwaka 1891 walifika Rungwe, na maneno hayo ya kila siku hayajakatika kuchapwa mpaka sasa, karibu miaka 300. Jina waliloyapa kwa Kijerumani ni Losung, na Losung ni lile neno la siri la askari, yaani ukifika lindoni usiku mlinzi anakuuliza neno, usipolijua hupiti. Wamoraviani nao wakaenda kulekule kwenye lindo. Hili halinitoki kichwani, kwamba watu wa nchi mbalimbali na karne mbalimbali walivyotaka kueleza sala ya asubuhi hawakusema chakula wala dawa, walisema ulinzi.

Sasa watu wanachanganya kesha la asubuhi na mambo mengine ya jirani. Moning glori ni ibada ya kanisani, watu wanapitia pale saa kumi na mbili kabla ya kwenda kazini, sharika nyingi za Kilutheri na makanisa ya kiroho mjini wanayo (na jamani nyie wa spika za nje, majirani wengine wametoka zamu ya usiku, punguzeni). Kwaeti taimu ni ya mtu mmoja peke yake, Biblia na daftari, sisi tuliosoma bweni tumeipata kwa watu wa UKWATA na Skripcha Yunioni, vyama vya wanafunzi Wakristo, na nyuma yao kuna wale ndugu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walikua hawana mchezo na alfajiri. Wakatoliki wana Masifu ya Asubuhi, zaburi zimepangwa, padre na mtawa analazimika nazo na mlei anakaribishwa, halafu kuna kengele ya Malaika wa Bwana saa kumi na mbili. Waanglikana wana sala ya asubuhi ya kwenye kitabu chao tangu 1549. Nilimwambia yule dada, wewe kwa bibi yako mlikua mnasali asubuhi pamoja? Akasema ndio, tena kwa kupiga magoti kwenye sementi. Basi, nikamwambia, hiyo ni shangazi yake kesha.

Linavyoendeshwa halina mambo mengi. Wimbo beti moja au mbili, mtu anasoma fungu, mwingine anasoma ukurasa wa siku, baba au mama anauliza kidogo, mnaomba, mnaamkiana. Nyumbani kwetu sheria ilikua mtoto anayejua kusoma ndo anasoma, kwaiyo ukifika darasa la pili unakabidhiwa kitabu na tochi, umeme ukiwa haupo, na unasoma "ha-ta a-l-fa-ji-ri" dunia nzima inakusubiri. Mdogo wangu alikua mtaalamu wa kulala kwa magoti, kichwa kimezama kwenye kochi, mzee akimaliza sala ndefu sisi tunasema amina tunasimama yeye anabaki pale, na mzee hakuwahi kumgombeza, anamfunika tu na shuka anaenda zake kukamua. Nilikua naona ni uonevu. Mi nikisinzia nachapwa jicho kali.

Hiyo "hata alfajiri" ni Marko 1:35, na niioneshe hapa maana ni mfano mzuri wa kesha linavyofanya kazi likifanywa sawasawa. Fungu linasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu akaomba huko. Ukiishia hapo unapata somo la kuamka mapema, na wahubiri wengi wanaishia hapo. Rudi juu kidogo mstari wa 32. Usiku wa kuamkia siku hiyo walimletea wagonjwa baada ya jua kuzama, mji wote umekusanyika mlangoni, maana yake alilala amechelewa na kachoka. Halafu shuka mstari wa 37, Petro na wenzake wanamkuta wanamwambia "Watu wote wanakutafuta", yaani bosi wateja wamejaa twende. Na yeye anawajibu twendeni vijiji vingine. Anauacha umati! Siku yake ilikua imeshapangwa na watu wengine kabla hajaamka, wagonjwa wanasubiri, marafiki wameshaahidi, ila yeye aliyetoka kwenye zamu ya alfajiri anajua anaelekea wapi. Hapo ndo unaelewa mlinzi anafanya nini juu ya ukuta. Anaona kinachokuja kabla hakijagonga mlango, kwaiyo kikigonga ana jibu.

Ndo maana mimi nina ugomvi kidogo na makesha ya WhatsApp. Sisemi ni mabaya, mtu yupo Muscat kwenye nyumba ya watu anafanya kazi, kitabu hana, lile grupu la kanisa la nyumbani ndo kesha lake na linamshika kweli. Naongelea sisi ambao saa kumi na moja na dakika mbili tumeshafowadi ukurasa mzima kwenye magrupu saba na vialama vya mikono, na ukituuliza fungu la leo lilikua linasema nini hatujui, halafu kwa kuwa simu ipo mkononi unapitia stetasi za watu, unaona fulani kanunua gari, unaona matokeo ya mechi, unaona meseji ya deni. Umati umeshafika mlangoni na wewe hata hujashuka kitandani. Kalenda ya 1908 ilikua na mstari mmoja tu kwa siku na watu walitosheka, sisi tuna aya kumi na mbili na picha ya maua.

Kingine ambacho watu wanauliza sana, je lazima iwe saa kumi na moja? Hamna andiko linalotaja saa. Mama wa vitumbua anaamka saa tisa kukanda unga na konda wa daladala saa kumi yupo kituoni, ukiwapangia ratiba ya mwalimu mstaafu unawaonea. Nesi anayetoka zamu saa mbili asubuhi, siku yake inaanza saa nane mchana, kesha lake linaweza kuwa saa nane mchana na bado likaitwa la asubuhi.

Anayelielewa vizuri kuliko mimi ni mlinzi wa usiku wa ofisi niliyofanyia kazi zamani, mzee mmoja mpole wa koti zito na rungu. Nilikua nafika mapema kukwepa foleni, namkuta kibandani kavaa miwani iliyofungwa na uzi, Biblia kaiweka juu ya lile daftari lao la makabidhiano. Siku moja nikamwamkia nikamuuliza, mzee wangu, wewe umekesha usiku kucha, kesha la asubuhi la nini tena? Akacheka. Akanionesha Zaburi 130 pale penye "walinzi waingojavyo asubuhi", pameshapigwa mstari kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi imetoboka kidogo, akasema hii wengine mnaisoma, mimi naijua, saa kumi hiyo jua unalitamani kama maji. Akatoa miwani, akaisogeza Biblia pembeni, akafungua daftari akaandika tarehe na saa na chini yake "lindo salama", akampigia kelele mwenzake wa mchana aje achukue zamu.