Wakili yuleyule, leo anatetea, kesho anashtaki

Wengi huamini kwamba wakili wa jinai Uingereza huchagua upande mmoja maisha yake yote, na kwamba anayemtetea mshtakiwa lazima awe anaamini hana hatia. Si kweli.

Wakili wa kujitegemea anayesimama Mahakama ya Crown, inayosikiliza kesi nzito za jinai, anaweza Jumatatu kumtetea mtuhumiwa wa wizi, na wiki ijayo akaendesha mashtaka katika kesi nyingine, kwa kazi aliyopewa na Idara ya Mashtaka iliyoanza mwaka 1986. Wigi ni lilelile, joho ni lilelile. Kwa desturi, utepe wa waridi ulifunga jalada la utetezi, mweupe la mashtaka.

Kuna kanuni iliyoigwa kwa teksi kijiweni: abiria anayefuata humkatai kwa sababu humpendi, na wakili vivyo hivyo kwa mteja wake. Naiheshimu sana kanuni hii, maana bila hiyo anayechukiwa na mji mzima angesimama kizimbani peke yake.

Je, mteja akikiri kwa wakili wake faraghani? Wakili haruhusiwi kuidanganya mahakama kwamba mwingine ndiye aliyetenda. Lakini bado anaweza kumhoji shahidi: ulikuwa umbali gani, taa ilikuwa inawaka? Kuthibitisha hatia ni mzigo wa upande wa mashtaka.