Seli zinazoizuia kinga isitudhuru

Mama mmoja hapa Bagamoyo alinijia na mwanawe wa miaka tisa, aliyekuwa ametoka kugundulika ana kisukari cha aina ya kwanza. "Daktari, kinga yake imeshuka. Nimpe unga wa mlonge ipande?" Nikamjibu, "Mama, kinga ya mwanao haijashuka. Nguvu inazo, ila inampiga mwenyewe."

Simlaumu. Sisi wataalamu tumehubiri kuongeza kinga miaka nenda, miaka rudi. Mwaka 2009 yalipoanza majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, Bagamoyo na Korogwe, mkoani Tanga, zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika, na wazazi wakatusikia tukisifu kinga inayopanda. Tulisema kweli, lakini nusu yake.

Nusu ya pili inaanzia kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Seli T, askari wa kinga, huzaliwa ndani ya uboho na kukomalia kwenye thaimasi. Kila moja hupewa kwa bahati nasibu kipokezi chake, cha kumtambulia adui, kwa hiyo zipo zinazotokea kulitambua hata kongosho letu, kiungo kinachotengeneza insulini, kama adui. Thaimasi huzichambua na kuziua. Lakini hata mchele uliopetwa vizuri haukosi chuya, na baadhi ya seli hizo huponyoka zikaingia kwenye damu. Kwa nini basi wengi wetu hatuugui?

Jibu lilianza kupatikana Japani. Shimon Sakaguchi alifuatilia panya waliotolewa thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Ungetarajia kinga yao ilegee. Badala yake ilivishambulia viungo vyao wenyewe. Alipowadunga seli T za panya wazima, wakasalimika. Kumbe ndani ya jeshi lenyewe wamo wasuluhishi! Mwaka 1995 akaonyesha kwamba seli hizo hubeba alama iitwayo CD25. Leo tunaziita seli T dhibiti.

Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wa Marekani, waligundua jeni ya FOXP3. Ikiharibika, mtoto hupata ugonjwa wa nadra uitwao IPEX: kuhara kusikokoma, ngozi kuvimba, na kisukari akiwa angali mchanga. Jeni hiyo imo kwenye kromosomu X, ndiyo maana ugonjwa huwapata wavulana. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba FOXP3 ndiyo inayozitawala seli dhibiti. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Zinasuluhishaje? CD25 ni sehemu ya mdomo unaonyonya intalukini-2, kemikali ambayo seli T huitegemea ili zizaliane. Seli dhibiti huinyonya kwa wingi, na wapiganaji wakapungukiwa chakula. Pia huzivua seli zinazotoa taarifa za adui ile ishara ya pili ambayo bila hiyo seli T haiamki. Nyingine humwaga intalukini-10, inayotuliza uvimbe. Zote hizo ni asilimia 5 hadi 10 tu ya seli T saidizi, na kwangu hilo ni ajabu kubwa.

Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, hesabu ya seli dhibiti kwenye damu mara nyingi ni ya kawaida. Kazi ndiyo inayozishinda. Lakini kuziongeza ovyo nako kuna hatari, kwani uvimbe wa saratani huzivuta na kujificha nyuma yake.

Mtoto akinywa maji bila kukata kiu, akikojoa kila mara na kukonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Asingoje kesho. Peremende hazikumletea kisukari hiki, wala hakurogwa.

Yule mama aliuliza tena, "Kwa hiyo mlonge niuache?" Nikamwambia ampikie majani yake kama mboga, mtoto akiyapenda, ila sindano ya insulini asiikose hata siku moja.