Hukusaini mkataba? Mzigo ni wa bosi

Wiki hii tena mlinzi wa usiku kaniambia hajawahi kulipwa ovataimu, na hawezi kudai kwa kuwa "hakusaini kitu". Linaniuma, maana watu wanasamehe jasho lao kwa sababu isiyokuwepo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi. Kifungu cha 15(6) kinambana zaidi: akishindwa kuyaleta maandishi hayo kwenye shauri, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai. Unasema mshahara ulikuwa 390,000? Alete karatasi inayosema vingine.

Halafu kuna hili la "saa 12 ndiyo kawaida ya ulinzi". Kifungu cha 21 kinaruhusu saa 12 bila ovataimu, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na kwa siku zisizozidi tano kwa wiki. Bosi asiyeandika kitu atayatoa wapi makubaliano hayo? Akiyakosa, tunarudi kwenye saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni mara moja na nusu.

Hesabu ni fupi: gawa mshahara wa mwezi kwa 195, yaani saa za mwezi kwa wiki ya saa 45. Hiyo 390,000 inatoa 2,000 kwa saa, ovataimu 3,000, na ikiangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ongeza asilimia 5, iwe 3,150. Sikukuu ni mara mbili.

Ninapoingia CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi) na wasiwasi ni kwenye saa zenyewe. Kifungu cha 15 kinahusu masharti ya ajira. Kwamba usiku fulani ulikesha lindoni mpaka asubuhi, yuko mwamuzi atakayeridhika na maneno yako na ya mwenzako wa zamu, na yuko atakayetaka karatasi. Kwa hiyo piga picha daftari la lindo kila zamu: saa ya kupokea, saa ya kukabidhi, jina lako na la aliyekupokea.

Na usikae. Madai ya mshahara na ovataimu ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kupinga kuachishwa kazi ni siku 30. Ukipitiliza, unaanza kwa kuomba kusamehewa kuchelewa, na "bosi aliniahidi atalipa" mara nyingi haitoshi. Jaza fomu namba 1 ya Tume, mpe mwajiri nakala, na hakikisha amesaini kuipokea.