Mita 20 za alama si spidi 60

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii na mtu wa bima: "Mhandisi, alama za breki ni mita 20, hesabu inatoa 60, sasa unabishia nini?"

Nabishia boneti. Gari lilikwenda kuingia nyuma ya lori lililoegeshwa, boneti ikarudi hadi kwenye kioo. Gari lililosimama lenyewe mwishoni mwa alama halifanani hivyo.

Hesabu yenyewe haina tatizo. Zidisha 254 kwa namba ya msuguano, zidisha kwa urefu wa alama kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, unapata kilomita kwa saa. Lami kavu nzuri ni kama 0.7, kwa hiyo mita 20 zinatoa 60. Lakini hiyo 60 ni mwendo ambao breki ziliumaliza ndani ya zile mita 20. Gari likigonga kabla ya kusimama, kuna mwendo uliobaki, na huo umeishia kwenye bati. Tuseme limegonga likiwa na 50. Wengine hapo hujumlisha 60 na 50 wakapata 110, nalo ni kosa, tena linaweza kumfunga mtu bure. Vinavyojumlishwa ni vipeo vya pili: 3,600 na 2,500, jumla 6,100, kipeuo chake 78. Si 60, wala si 110.

Uzito wa gari unajifuta wenyewe kwenye hesabu. Lori hutofautiana kwa sababu ya matairi yake na breki za upepo zinazochelewa kushika, si kwa sababu ya tani. Na gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia matairi yasifunge kabisa, linaweza kufunga breki kwa nguvu zote likaacha vivuli tu, kwa hiyo "hakuna alama, dereva alilala" tuiache.

Kinachonisumbua kweli ni mwanzo wa alama. Mwisho wake ni mweusi, kila mtu anauona. Mwanzo ni kivuli: tairi limeanza kushikwa, bado halijafunga. Mimi hupiga magoti asubuhi jua likiwa chini, nikatazama sambamba na lami, halafu naweka chaki. Mwenzangu akija saa sita mchana anaweka yake mita tatu mbele. Hakuna kati yetu aliyekosea, ila majibu yetu yanatofautiana. Bado hujagusa mchanga uliomwagika pembeni, mteremko, au mvua iliyopita usiku. Ndiyo maana, nikipata nafasi, hufunga breki za gari la aina hiyohiyo palepale, badala ya kuchukua 0.7 ya kitabuni. Na mwendo wa kugonga tunaukadiria kwa kupima bati lilivyobonyea; nao ni makadirio.

Mawakili wanataka namba moja. Siwapi, kwa sababu sina.

Kwenye faili la wiki iliyopita nimetumia msuguano wa 0.65 hadi 0.75 na mwendo wa kugonga wa 40 hadi 55. Nimeandika: kati ya 70 na 83, kwenye eneo la kibao cha 50. Mwendo uliopotea kabla tairi halijaanza kuandika barabarani haumo humo.